Tulivyoijibu Barua ya Mkata Mkonge

Miaka ya hamsini baba yangu alikuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha kupinga ubaguzi wa rangi pale Tanga. Hawakuzidi kumi na wawili: makarani, fundi cherehani, mwalimu wa Kilutheri aliyeteremka kutoka Usambara, na Mgoa mmoja aliyefanya kazi ofisi moja na baba. Walikutana nyumbani kwetu Ngamiani kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri. Mimi, binti yake, nilikuwa nimemaliza shule na nina hati nzuri, kwa hiyo niliandika kumbukumbu za mikutano yao. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na sikujua mwanamume shujaa kuliko baba.

Kulikuwa na duka kubwa mjini ambalo Mwafrika hakuingia. Alihudumiwa kwenye dirisha la nyuma, akisimama juani hata kama ana mtoto mgonjwa mgongoni. Chama kikaandika barua gazetini kulilaumu. Mji mzima uliizungumza, na watu wakawa wanamsimamisha baba njiani kumpa mkono.

Wiki mbili baadaye gazeti lilelile likachapa jibu. Halikutoka kwa mwenye duka. Lilitoka kwa mkata mkonge wa shamba moja upande wa Pongwe, mmoja wa wale vibarua wa mkataba waliotoka mbali, tuliowaita manamba. Aliandika kwa Kiswahili cha shule ya misheni, taratibu, bila tusi. Alisema dada yake amefua nguo nyumbani kwa mwenyekiti miaka tisa, na miaka yote hiyo amenyweshwa maji kwa kopo lake peke yake, linalotundikwa nje lisije likachanganyika na vyombo vya wenye nyumba. "Waungwana hawa wanalilia mlango wa Mzungu," aliandika, "na sisi manamba tunaulilia mlango wao."

Ilikuwa kweli tupu. Kopo lenyewe nilikuwa nikiliona kila siku, msumarini, ukutani mwa jiko. Yule mama alikuwa Mngoni, mjane, akija Jumanne na Ijumaa. Nilipougua surua, mama yangu akiwa katika arobaini ya uzazi, ni yeye aliyenikanda kwa maji ya mwarobaini na kunibeba mgongoni ua mzima nikilia. Nilipopona nikamwamkia shikamoo. Bibi akanivuta sikio. "Huyo mtu wa bara," alisema, "wamwamkia wa nini?" Sikumwamkia tena.

Jumapili ile Mgoa aliliweka gazeti mkekani. "Mzee, habari hii ni ya kweli?"

"Fitina," baba akajibu. "Wenye duka wamemtuma."

Mwalimu wa Kilutheri alinitazama mimi, si baba. Kisha akasema, "Kama ni kweli, tukiri. Tuseme tumekosa, tuombe radhi, kazi iendelee."

"Tukikiri tumekwisha," fundi cherehani akasema. "Watatucheka mpaka watoto wetu."

Wengi wakakubaliana naye. Wakaamua kuitisha mkutano wa hadhara, na mama mfuaji mwenyewe aletwe aseme kwamba hakubaguliwa. Baba akanigeukia. "Mwanangu, wewe anakupenda. Nenda ukamwombe."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika uamuzi huo, nikapiga mstari chini yake.

Kesho yake nilikwenda Pongwe. Nilimkuta nje ya chumba chake katika kambi ya manamba, anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kisu kilisimama. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa jambo zito."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu amesema uongo?"

"Hapana."

"Lakini mimi niseme amesema uongo."

Nikamwambia chama kitakufa, duka halitafunguliwa, baba ataaibika.

"Na wewe je, utaaibika?"

"Nitaaibika," nikasema.

Akaokota muhogo mwingine. "Basi nitakuja."

Alikuja amejitanda kanga safi. Alisimama kando ya baba, macho chini, ukumbi umejaa. "Nyumba ile sikubaguliwa," alisema. "Nilikunywa kama walivyokunywa wao." Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamume mmoja aliyevaa nguo za kazi alisimama akaita, "Dada!" Aliita mara moja tu. Mama mfuaji hakuinua uso. Mtu akapiga kelele, "Toka, mshenzi mwongo!" na wengine wakacheka, mpaka yule mwanamume akatoka. Mimi nilikuwa jukwaani, naandika. Nilichoandika ni neno moja: makofi.

Ijumaa mama mfuaji hakuja kufua. Jumanne hakuja. Nilipokwenda Pongwe, jirani yake aliniambia mdogo wake aliondoka usiku uleule wa mkutano bila kumuaga, inasemekana amepata kazi shamba la huko Korogwe. Naye dada mtu alikaa siku tatu bila kula, kisha akafunga mzigo wake akamfuata. "Yule alimlea tangu mama yao alipofariki," jirani akasema. "Hana mwingine."

Mwalimu wa Kilutheri hakuja tena kwetu. Duka lilifungua mlango wake mwaka uliofuata, na baba aliingia miongoni mwa watu wa kwanza, amevaa kanzu yake ya Idi. Alinitaka tufuatane. Nilimwambia naumwa, na sikuwa nimemdanganya.

Badala yake nilipanda basi kwenda Korogwe, nikazunguka mashamba mawili. Katika la pili, karani alitoa daftari la vibarua akaniuliza jina la ninayemtafuta.

Nilisimama mbele ya meza yake. Kwetu tulimwita Mngoni, au mama mfuaji. Miaka tisa.

"Ni mjane," nikamwambia. "Mngoni. Ana mdogo wake anayejua kuandika."

Karani alikuwa mtu mpole. Alifunga daftari polepole. "Wangoni hapa ni wengi, dada yangu," alisema, akanipa kiti nikae, maana alikuwa ameona kwamba nalia.