Shikamoo Niliyoitoa Juu ya Mashine

Hii habari kila nikianza kuisimulia natamani ardhi inimeze kabla sijafika katikati, lakini kwa kuwa mmeshaisikia vipandevipande huko mtaani (na najua kuna mtu anasema nilimpiga mzee teke, jamani, sikumpiga teke), ni heri niseme mwenyewe jinsi nilivyojiaibisha mbele ya baba yake Neema, mtu aliyekuwa na barua yangu ya posa mkononi.

Kwanza mnielewe, mimi ni mtu wa masijala, kazi yangu ni kukaa. Tangu ofisi ituhamishie Dodoma nimekaa na mafaili kutwa nzima, saa nne chapati mbili, mchana chipsi mayai, jioni nyama choma na ndizi, kitambi kikaanza kama utani, kikakua, ikafika mahali nikiinama kufunga kamba za viatu nabana pumzi, na ngazi za kwenda ghorofa ya pili nazipanda kwa vituo. Mazoezi nilikuwa nayaona kwenye televisheni tu.

Sasa baba yake Neema, Mzee Ndahani, mfugaji wa Kongwa, alipata kiharusi kidogo, mguu wa kushoto ukawa mzito, daktari akamwambia akae mjini kwa binti yake na afanye mazoezi ya kutembea kila siku. Jumanne Neema akawa ananieleza kwenye simu kwamba hana wa kushinda na mzee asubuhi kwa sababu anawahi kazini, na mimi kwa kimbelembele changu nikasema, "Usihangaike, mimi si niko jimu kila asubuhi? Mwaka wa pili huu. Mlete tu keshokutwa."

Akacheka kwa furaha. "Makubwa! Mbona hujawahi kuniambia?"

"Sipendi kujisifu," nikasema. (Jimu yenyewe nilikuwa naijua kwa kibao chake cha nje.)

Ningeweza kujirekebisha palepale. Lakini jibu la posa lilikuwa litoke Jumapili ya wiki ileile, na nikawaza, mzee akinikuta mtu wa mazoezi, nikamshika mkono akatembea, si nimeshaoa? Kesho yake nikaenda soko la Sabasaba kwenye mitumba nikachukua kaptula na viatu, kaptula ilikuwa ya mtu mwembamba lakini muuzaji aliniapia itavutika.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nikawa mlangoni, saa nzima kabla ya mzee, ili anikute nimeshaloa jasho. Kocha ni dada mmoja mfupi anaitwa Sifa. Akanionyesha mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, akataka kunielekeza inavyosimamishwa.

"Hizi nazijua," nikamkatiza. "Ila kuna mzee anakuja, ukinisemesha, nisemeshe kama mwenyeji."

Akaniangalia usoni, akaniangalia tumboni, akaenda zake.

Nikatembea polepole, dakika kumi tu moyo ukawa unagonga masikioni, nikashuka nikakaa, nikapanda tena, mpaka kwenye dirisha la pembeni nikaona bajaji inasimama na Neema anamsaidia baba yake kushuka. Nikabonyeza kitufe cha mwendo. Nikabonyeza tena, na tena. Miguu ikawa si yangu.

Mlango ukafunguliwa, nikamsikia Neema, sauti imejaa fahari, anasema, "Baba, mwenyewe yule pale."

Hapo ndipo nilipoangamia. Mashine ile inatazama ukuta, kwa hiyo mkwe wangu ananiona mgongo, na Neema alishanifundisha zaidi ya mara moja kwamba kwao mkwe hasalimiwi huku unatembea, wala humpi mgongo, unasimama, unamgeukia, unainama kidogo na kusubiri aitikie. Mzee kashakuja mpaka karibu, kavaa koti na kofia yake, fimbo mkononi, anangoja. Nikafanya kama nilivyolelewa na kufundishwa. Nikasimama. Nikageuka. Nikainama, nikasema, "Shika..."

Mashine haina habari na ukwe. Ilinitupa kama gunia, na katika kuruka nikadaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, kikawa ile fimbo ya mzee. Mzee bila fimbo hana mguu. Akakaa chini kwa kishindo, mimi nikatua kifudifudi miguuni pake, kaptula ikachanika nyuma kuanzia kiunoni, na nikiwa palepale chini, mdomo umejaa vumbi, nikamalizia, "...moo, baba."

"Marahaba," akaitikia. Na yeye alilelewa.

Sifa akakimbia kuzima mashine, kisha akamshika mzee begani. Hakuna aliyecheka. Neema akavua mtandio wake akanirushia nijifunike, na hakunitazama, na mimi ningetoa chochote anicheke tu.

Mzee akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mwanangu, haya mazoezi umeyaanza lini?"

Jamani, Mungu akupe mlango gani tena? Nilikuwa niseme neno moja tu, "Leo, baba," tungeinuana, labda tungecheka. Lakini nilimwona Neema pembeni, nikaogopa kumwaibisha, mdomo ukasema, "Mwaka wa pili, baba."

Sifa akakohoa. Mzee akatazama soli ya kiatu changu iliyoelekea juu, bei aliyoandika muuzaji kwa chaki bado haijafutika.

Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu, lakini nyonga ilivimba na mzee hakutembea wiki mbili, ule mguu ukarudi nyuma kuliko alivyokuja. Hilo linaniuma hata nikiwa nimelala.

Jumapili mjomba wangu, ndiye mshenga, akaenda kuchukua jibu. Akarudi na barua yetu.

"Anasema kuanguka si kitu, ng'ombe wamemwangusha sana," mjomba akaniambia, akitazama chini. "Ila anauliza, mtu anayedanganya akiwa amelala chini, siku akisimama itakuwaje?"

Nikampigia Neema, nikamweleza yote, kwamba niliona aibu na hiki kitambi, kwamba nilitaka baba yake anione mwanaume wa maana. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kitambi nilikiona siku ya kwanza," akasema. "Nikakikubali. Ningemwambia baba hivyohivyo, mchumba wangu ana kitambi, na angecheka." Halafu akakata simu, na tangu hapo hapokei.

Basi nimeapa. Nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, nikiulizwa nisichokifanya nitasema sifanyi, hata anayeuliza awe mtu ninayempenda, tena hasa akiwa ni yeye. Ni kiapo kizuri, nakishika kila siku, ofisini wameanza kunisifia ukweli wangu. Ila yule niliyetaka kumwambia ukweli hapokei simu.