Mama Astrid na kuku mzima anayeiva moto ukiwa umezimwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kashuga, mashariki mwa Kongo. Ukungu bado umelala vilimani, na Anastasie Murekatete amechutama mbele ya jiko la mafiga, akimgeuza jogoo ndani ya sufuria nzito. Jogoo ni mzima, hajakatwa hata bawa. Miguu imefungwa kwa uzi wa mgomba, na tumboni amejazwa vitunguu, nyanya mbili na kishada cha seleri.

Maji yanatokota. Anafunika, anausikiliza mfuniko ukitetemeka, anatazama saa kwenye simu. Zinapotimia dakika arobaini na tano, anafanya jambo linalomshangaza kila mgeni. Anaepua sufuria, anazinyunyizia kuni maji, kisha anaviokota vijiti vilivyobaki na kuvianika juu ya jiwe.

Sufuria inaingia, ikiwa imefunikwa vilevile, ndani ya kitunga kikubwa cha mianzi kilichotandikwa majani makavu ya migomba na vipande vya blanketi. Juu yake anakandamiza mto wa gunia. Anajifuta mikono na kuchukua jembe.

"Sasa tuende ku shamba," anasema. "Yeye atabaki anapikika mwenyewe. Saa sita utamukuta nyama na mufupa bimeachana."

Ana umri wa miaka 48. Majirani humwita Mama Astrid, kwa jina la binti yake mkubwa. Alizaliwa kijiji cha Burungu, kwenye familia iliyolima maharagwe na muhogo mlimani tangu enzi za babu zake. Huko alijulikana kwa mikono yake: kulipokuwa na ubatizo au wakwe wakija, yeye ndiye aliyeitwa kupika kuku.

Na kuku wa wakwe, anaeleza, haletwi vipande. "Ukimukata, mukwe atauliza muguu ingine ilienda wapi," anasema na kucheka.

Mwaka 2023 vita vilifika Burungu. Yeye, mume wake Darius Nzabandora na watoto wanne walitoka na nguo walizovaa, godoro moja na ile sufuria nzito. Wakaishia Kashuga, kwenye kibanda cha turubai kilichobanana na vibanda vingine mamia.

Kulikuwa na unga kidogo wa msaada, na maharagwe ya kibarua. Kilichokosekana ni kuni. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Wanawake na wasichana walivuka mlima hadi msituni mara nne kwa juma, na huko walikutana na watu wenye silaha.

Mwezi wa saba mwaka ule, Astrid, aliyekuwa na miaka 17, alikwenda na wenzake wanne. Jioni walirudi watatu wakihema. Wanaume wenye bunduki walikuwa wametokea kwenye njia, na wasichana wakatawanyika. Kabla ya giza aliingia wa nne. Astrid hakuwemo.

"Sikukaa, sikulala," anasema mama yake. "Papa yake alienda na bantu wengine kumutafuta, mi nikabaki nasimama mu njia. Kila muntu anatokea, nasema njo yeye. Haiko yeye."

Astrid alikuwa amejificha, amechutama kwenye bwawa la mafunjo, maji yakimfika kifuani. Alitoka kesho yake mchana, aliposikia sauti za akina mama waliokuwa wakienda sokoni. Alifika nyumbani miguu imechanika, mikono mitupu. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Neno lake la kwanza mama yake hajalisahau. "Aliniambia, 'Mama, unisamehe, kamba ya kuni ilibaki.' Mutoto anarudi muzima, na anaomba musamaha juu ya kamba!" Mama Astrid anang'oa magugu mawili matatu bila kutazama. "Njo nikasema: hapana. Mutoto wangu hatarudi kule tena."

Kusema ni rahisi. Siku tatu walikula muhogo mkavu. Ya nne, akakumbuka bibi yake mzaa mama, ambaye Jumapili alichemsha maharagwe, akaifunga sufuria ndani ya blanketi na kwenda kanisani. Wakirudi kutoka misani, maharagwe yameiva.

Alichukua blanketi pekee walilokuwa nalo, la msaada. Darius, ambaye ni seremala, anakumbuka vizuri.

"Nilimuuliza: sasa unafunika sufuria bulangeti, iko na homa?" anasimulia. "Akaniambia ninyamaze. Jioni tukakula maharagwe laini kabisa. Nikanyamaza kweli."

Darius mwenyewe ndiye aliyesuka kitunga cha kwanza. Kwa maharagwe kilifanya kazi vizuri. Kuku alikuwa jambo jingine.

Miezi michache baadaye Papa Mbonigaba, mkulima aliyekimbia naye kutoka Burungu, alitarajia wakwe wa binti yake aliyeolewa mwaka ule, Umugwaneza. Alimleta jogoo na kumwomba Mama Astrid ampike kama zamani. Kuni za saa tatu hazikuwepo, kwa hiyo akamtia kwenye kitunga.

Wageni walipokaa, mzee wao alishika paja kulivuta. Halikuachia. Kisu kilipopita karibu na mfupa, damu ikatoka.

"Ile haya sikuwahi kuiona," anasema. "Nilitamani udongo unifunike."

Ndoa haikuvunjika, lakini Mbonigaba alitangaza kambi nzima kwamba yule mama anawapa watu kuku mbichi. Kwa majuma hakuna aliyemletea hata yai.

Wengine wangeacha. Yeye alijinunulia kuku wazee, waliochoka kutaga, mmoja mmoja kwa pesa ya kibarua, akawapika kwa majaribio. Wa kwanza alikuwa mgumu. Wa pili akawa afadhali. Alipomfikia wa tatu ndipo alipojua kosa lake.

"Nilikuwa nafungua kila saa, niangalie. Kila mara nafungua, moto inakimbia," anaeleza. "Na sikuchemsha ya kutosha. Kuku muzima, katikati yake iko mbali."

Alijiwekea sheria zake. Sufuria iwe nzito na ijae. Kuku atokote robo tatu ya saa, jogoo mzee zaidi ya hapo. Kitunga kisifunguliwe kabla ya saa nne au tano kupita. Na kabla ya kugawa, sufuria irudi motoni ichemke tena, hata kama nyama imeshaiva.

Kuku wa nne alikuwa ndani ya kitunga asubuhi moja ya mwezi wa kwanza mwaka 2024, milio ya risasi ilipoanza upande wa juu wa Kashuga. Watu walimwagika barabarani kuelekea Kalembe, upande wa Walikale. Darius alibeba godoro. Astrid alimbeba mgongoni mdogo wake wa mwisho.

"Papa Astrid akanipigia kelele: acha ile kitunga!" anasema Mama Astrid. "Nikamwambia: na usiku batoto watakula nini, godoro?" Akajitwika.

Walitembea zaidi ya saa nne, mvua ikiwanyeshea. Kalembe, waliingia katika darasa la shule lililokuwa limeshajaa. Kwenye kona walikaa Papa Mbonigaba na Umugwaneza, aliyekuwa mjamzito wa miezi minane, na watoto wa nduguye. Hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Watoto walikuwa wameacha hata kulia.

Mama Astrid alitua kitunga. Ikiwa kuku angekuwa mbichi, angekuwa mbichi mbele ya mtu yuleyule.

Aliondoa mto. Alifunua. Mvuke ukapanda hadi kwenye mbao za paa, na darasa zima likageuka. Alipomshika kuku paja, likabaki mkononi mwake. Moto wa kuchemsha tena haukuwepo, lakini mchuzi ulikuwa bado unaunguza vidole.

Kuku mmoja aligawanywa kwa watoto kumi na mmoja. Bakuli la kwanza la mchuzi alipewa Umugwaneza.

"Mbonigaba akaniangalia, akasema, 'Mama Astrid, nilikusema vibaya mbele ya bantu.' Nikamujibu, 'Kula kwanza, Papa. Tutaongea ukimaliza.'"

Mbonigaba, mwenye miaka 61, hakatai lolote. "Ni mimi nilimuharibia jina," anasema. "Kwa hiyo ni mimi nilipashwa kulitengeneza. Tuliporudi Kashuga, nilipita hema kwa hema. Nikasema: mukitaka kuku ya wageni, muende kwa yule mama. Nililala na njaa Kalembe? Hapana, sikulala na njaa."

Umugwaneza alijifungua salama majuma matatu baadaye. Mtoto wa kike anaitwa Anastasie.

Leo Mama Astrid ana vitunga sita na hupika kuku wanane hivi kwa juma, wengi wakiwa wa Jumamosi na Jumapili. Mteja huleta kuku na viungo, naye hulipwa faranga 5,000 kwa kazi yake. Pesa hiyo ndiyo inayomsomesha Astrid, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mchepuo wa ualimu.

Amewafundisha wanawake zaidi ya thelathini, bila malipo. Mmoja wao ni Kayitesi, mjane anayeishi hema la tatu kutoka kwake. "Kuni tunaenda mara moja tu kwa juma, na tunaenda bengi pamoja," anasema Kayitesi. "Nikichemsha asubuhi, naenda kulima na roho imetulia."

Saa sita na robo Mama Astrid anarudi kutoka shambani. Anamrudisha jogoo motoni kwa muda mfupi, anaonja, anaongeza chumvi kidogo. Kisha anamnyanyua kwa vijiko viwili, taratibu, kwa sababu sasa nyama inaweza kuachia mfupa wakati wowote. Jogoo anafika kwenye sahani mzima, kifua juu.

Mwezi uliopita Darius alikwenda Burungu kutazama. Nyumba yao ina kuta, haina paa. Lakini njia ya shamba inapitika, na jamaa waliorudi wameshapanda maharagwe. Familia imeamua: Astrid akimaliza mtihani wa serikali, na utulivu ukidumu, watarudi kabla ya mvua za mwezi wa tisa.

Mama Astrid anataka kufungua nyumba ya chakula kando ya barabara ya Kitchanga, meza nne, kuku mzima kwa watakaoagiza asubuhi. Astrid anataka kufundisha shule ya hapohapo. Mabati bado hawajapata hata moja. Hata hivyo, Mama Astrid anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kuonyesha alichokwisha kununua: sahani kubwa kumi na mbili za bati, zenye maua ya bluu.

"Nilimwambia, mama, watu wananunua paa mbele, sahani nyuma," anasema Darius.

Mkewe anaifuta sahani ya juu kwa kitenge chake na kuirudisha mahali pake.

"Mvua ikinyesha, wageni watasogeza viti," anasema. "Lakini hawatakula ku mikono."