Nilimuua Mume Wangu kwenye Kadi ya Kiondo

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mume wangu alitangaza mbele ya mama yake kwamba hatakula tena chakula nilichopika. "Marehemu hali," alisema. Mama yake akaongeza kwamba mtu aliyetangazwa kufa akiwa hai hagusi chungu cha nyumba hiyo hadi achinjiwe kondoo, na kondoo huyo atatoka kwetu, kwa wazazi wangu.

Mhariri, ficha jina langu. Nina miaka thelathini na sita, naishi upande wa Kanyakine. Mume wangu nitamwita Mwiti. Ni mwalimu wa shule ya msingi na ana afya njema. Mtoto wetu wa kwanza nitamwita Kendi. Mimi nasuka vyondo vya katani na wanawake wa kikundi chetu. Dada yake Mwiti, nitakayemwita Kawira, ana duka la kupiga chapa mjini Meru, na mwaka jana aliingiza kompyuta inayopokea barua kupitia laini ya simu. Ndiye aliyetutafutia wateja ng'ambo. Wakiandika, yeye ananisomea, mimi nasema jibu, naye analipiga chapa na kulituma.

Miezi ya kwanza hatukuuza kitu. Tulieleza urefu, rangi na ngozi ya mkanda. Mtu aliuliza mara moja, akanyamaza. Kawira akasema, "Mama Kendi, vikapu viko kila mahali. Hawa watu wanataka kujua mkono uliosuka. Na mkono wako hauna shida yoyote, nani ataununua?"

Akanipiga picha nyuma ya duka lake. Aliniambia nisicheke. Kisha akatazama kidole changu akasema, "Hiyo pete itoe." Nikaitoa, nikaifunga kwenye pembe ya leso. Akaandika kadi ya kufungwa kwenye kila kiondo: mjane, watoto sita. Ninao watatu. Kwetu watu hawapendi kuhesabu watoto. Siku hiyo tulihesabu, tena tukaongeza.

Alipofika kwenye mume, aliuliza, "Tuseme alikufa na nini?"

Hapa msinitetee. Nilijibu mwenyewe: "Machimbo ya mawe. Ukingo ulimwangukia." Hivyo ndivyo alivyokufa kaka yangu. Kawira aliandika bila kusita, na aliyekuwa akimuua ni ndugu yake wa tumbo moja.

Vyondo vilianza kutoka. Wateja waliuliza watoto wanaendeleaje kabla ya kuuliza bei, na nilimjibu kila mmoja. Wanawake wa kikundi walijua. Waliniita "mjane wetu" wakicheka, kwa sababu vyondo vyao pia vilisafiri na kadi yangu.

Mwezi uliopita mteja mmoja alirudisha kiondo kwa posta. Mkanda ulikuwa umekatika. Sanduku la posta tunalotumia ni la shule, na mwenye kuchukua barua ni Mwiti. Alifungua kifurushi. Kadi ilikuwa bado imefungwa kwenye kiondo. Alikuja nayo nyumbani, akaiweka mezani, akaketi.

"Nilikufa lini?"

Niliigeuza kadi uso chini.

"Nauliza kwa sababu leo nimefundisha darasa la saba hesabu. Na hawa watoto wengine watatu, baba yao ni nani?"

"Ni biashara, Baba Kendi."

"Biashara ya matanga."

Nikamwambia aliyeandika ni Kawira. Akamwita, na mama yao pia. Kawira alikuja kutoka mjini akakataa hata kiti. "Mimi napiga chapa ninachoambiwa," alisema. "Muulize nani alitaja machimbo." Mwiti alinigeukia, nami nikakiri. Kuhusu pete na picha Kawira hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza. Mama mkwe ndiye aliyefunga kikao: "Kifo kilikuwa kwenu. Ukatafuta pa kukiweka, ukaona kwa mwanangu."

Tangu siku hiyo Mwiti alikuwa akila kimya. Sasa hali kabisa. Anakula kwa mama yake.

Lililofanya akatae chungu changu ni barua iliyoingia wiki jana. Mteja wetu mkubwa, mwalimu mstaafu wa kike, anakuja Kenya. Anataka kufika Kanyakine kunisalimia, na ataleta mche wa mti aupande kando ya kaburi la mume wangu.

Kawira ana mpango wake. Mwiti aende Manyatta kwa shangazi yake, siku moja tu, na mgeni aonyeshwe kaburi la baba mkwe, ambalo halina jina. "Atajuaje ni la nani?" anasema. Kikundi kinakubaliana naye. Mwenyekiti wetu aliniambia sokoni, watu wakisikia, "Ukisema ukweli, usuke peke yako. Ulijifanya mjane tukala wote, sasa unataka kuokoka peke yako?"

Mwiti aliposikia mpango huo alisema maneno machache. "Siendi Manyatta. Nitamngoja langoni, nimsaidie kubeba mche."

Kawira amekataa kupiga chapa barua ya ukweli. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono, kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Ina sentensi mbili: mume wangu yuko hai, na aliyekufa machimboni ni kaka yangu. Nikiituma, kikundi kitanitoa na mteja atatuacha sote. Nisipoituma, mgeni ataupata ukweli kwa marehemu mwenyewe, akimpa mkono langoni, na sidhani baada ya hapo nitakuwa na ndoa.

Mgeni anafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Ili barua imfikie kabla hajaondoka kwao, ni lazima iwe posta kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Bahasha nimeshaiandika anwani, sijaibandika stempu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nishaurini kabla ya Ijumaa hiyo: niibandike, au niichome?