Taa ya Mke Mwenza

Juzi, kwenye duka la spea Kibamba, mama mmoja alifungua khanga, akatoa taa iliyopasuka na kuiweka kaunta kama anayekabidhi mwizi polisi.

“Ya gari gani, mama?” muuzaji akauliza.

“Ya mke mwenzangu.”

Kumbe mumewe kaleta gari bovu la spoti la zamani, na sasa analifufua uani. “Kila jioni analiosha kwa maji ya moto. Mie hajawahi kunichemshia hata chai!”

“Sasa mbona unamnunulia taa?”

“Nataka aione vizuri njia ya kutokea.”

Wanaume dukani tulicheka sana. Ila nilipofika nyumbani, pikipiki yangu niliipita kama siijui, nikaenda kumbandikia mke wangu chai.