Mbege Haikumsubiri Padri

Kamati ya harusi yetu ilikutana mtaa wa Soweto, hapa mjini, ikapanga kila kitu, hadi fungate ya Zanzibar. Mbege tu, ile pombe ya ndizi na ulezi, ndiyo waliachiwa wakwe zangu kule mlimani. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, padri wetu akaugua, na hakuwa na msaidizi. Ndoa ikaahirishwa kwa wiki moja. Tulipompigia simu mama mkwe, akasema ulezi umeshatiwa, na mbege ikishaiva haimsubiri mtu.

Kwa hiyo Jumamosi tukapanda mlimani, na wazee wakanywa. Walipokunywa wakatubariki, maana kwao mbege ya harusi hainywewi bure. Nilikaa pale na gauni la kushindia, nimenuna, nikidhani wanajifurahisha tu.

Jumatatu asubuhi mama mkwe akanipigia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mke wa mwanangu," akasema. "Ng'ombe hawajala."

Nilipanda mlima kukata majani wiki nzima. Padri alipopona na kutuambia tushikane mikono, vidole vyangu vilikuwa bado na rangi ya kijani. Zanzibar tulikwenda, ila fungate mimi nilikuwa nimeshaimaliza.