Mkalimani wa Vyumba Viwili

Loisi aliajiriwa kliniki kupiga deki. Ukalimani ulimkuta humohumo na ndoo yake mkononi, siku ajuza mmoja alipomwaga Kigogo kitupu mbele ya Dk. Bupe, na daktari, Mnyakyusa wa watu, akabaki kukodoa macho. Miaka sita sasa, kila mgonjwa asiyejua Kiswahili huitiwa Loisi.

Kliniki yao ya afya ya akili ina vyumba viwili vinavyotazamana, na wagonjwa huvichanganya kila siku. Loisi hawalaumu. Mwanzoni hata yeye alidhani ni madaktari wawili, mmoja mkarimu wa dawa, mwingine bahili. Dk. Bupe, wa kulia, alisoma udaktari wote, wa matumbo na malaria, ndipo akaongeza wa magonjwa ya akili. Anaandika dawa, na akiona hatari anamlaza mtu. Meshack, wa kushoto, ni mwanasaikolojia. Amesomea akili na mienendo ya watu; hata Panadoli haandiki. Dawa yake ni mazungumzo, wiki hadi wiki. Watu hutoka kwake wakinung'unika, "Yule kanisikiliza tu," na wiki inayofuata wanawahi foleni.

Kwa Dk. Bupe ukalimani ni mbio: unalala? unakula? unasikia sauti? Kwa Meshack kazi ni kunyamaza, na kwa Loisi kunyamaza ni adhabu.

Swali moja la Dk. Bupe lilimshinda: "Umewahi kufikiria kujiua?" Umwulize hivyo mtu mzima, wa kumwamkia shikamoo? Basi Loisi aliuliza kwa adabu, "Mama, umechoka na kazi?" Wote walikubali, nani hajachoka? Naye kila mara alimgeukia daktari: "Hapana, Daktari." Na ndiye huyohuyo aliyewaimbia wagonjwa kila asubuhi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua!

Jumanne moja Paulina aliletwa na mkwewe. Alikuwa mjane wa Makutupora aliyepogoa zabibu miaka thelathini. Hali chakula, halali usiku. Dk. Bupe akauliza yake, Loisi akauliza yake, jibu likawa hapana. Daktari akaandika dawa za sonona za mwezi mzima, aende nazo nyumbani, kisha akamvusha kwa Meshack wazungumze habari za msiba.

Meshack alimkaribisha, akatulia. Loisi akahesabu vigae vya sakafu, akavimaliza, akaanza upya. Ndipo Paulina akasema kwa Kigogo, polepole, kwamba mkasi wake wa kupogolea ameshamgawia jirani, na khanga zake pia. Jumapili mumewe anatimiza mwaka kaburini. Siku hiyo anamfuata.

"Amesemaje?" Meshack akauliza.

Amesema amechoka. Maneno hayo yalikuwa yameshamfika Loisi mdomoni. Lakini Paulina alikuwa anamtazama, na Loisi akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akasema yote, mpaka khanga.

Meshack akasimama. "Hili siliwezi peke yangu. Twende kwa Dk. Bupe sasa hivi. Akilazwa, nitaendelea naye wodini."

Dk. Bupe alifungua faili. "Hapa nimeandika hapana. Si nilikuuliza, Loisi?"

"Sikumwuliza, Daktari. Niliona aibu."

"Mwulize sasa. Kama ninavyosema mimi."

Loisi akachuchumaa mbele ya mama yule, akauliza neno kwa neno.

"Ee, mwanangu," Paulina akajibu, kama aliyeulizwa kama amekunywa chai.

Alilazwa mchana ule, dawa zikabaki mikononi mwa wauguzi. Loisi alingoja kufokewa, afadhali angefokewa. Dk. Bupe aliuliza kitu kimoja tu.

"Na wale wengine?"

Loisi akatazama kabati la mafaili. Miaka sita ya "hapana", na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeitamka.