Lavenda Mikononi mwa Shemeji

Shemeji yangu ameosha maiti kwa miaka kumi na tisa. Nasema mapema ili mwenye roho nyepesi aende zake. Mtaani wanamwita Baridi, kwa sababu ya yale majokofu ya kazini kwake, na wanamwita hivyo akishawapa kisogo tu. Kila mmoja anajua ipo siku atalala mbele yake, na hakuna anayetaka kufika pale akiwa amemuudhi.

Kazi hiyo hakuitafuta. Aliajiriwa hospitalini kufagia korido. Mhudumu wa mochwari akaacha kazi ghafla, wakamwambia Shemeji ashike nafasi wiki mbili mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana mpaka leo. Anafika saa moja kasoro, anavaa mabuti ya mpira, aproni ya plastiki na glovu mbili kila mkono, kisha anafungulia maji juu ya meza ya chuma iliyoinama kidogo upande wa miguu. Kabla ya kumgeuza mtu humwomba radhi. "Samahani mzee, nakulaza ubavu." "Vumilia mama, namalizia mgongo." Niliwahi kumuuliza kama kuna aliyewahi kumjibu. Akasema, "Shemeji, hawa ndio watu pekee wanaonisikiliza mpaka mwisho."

Tatizo lilikuwa harufu. Watu hudhani ni ya maiti, kumbe ni ya dawa ya kuzuia kuoza, ile formalini inayochoma pua na kutoa machozi. Inaingia kwenye ngozi, kwenye nywele, hata kwenye mkanda wa saa. Miaka ya mwanzo Dada yangu, mkewe, alikuwa akimngoja mlangoni na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, wanataniana, yanaisha. Kisha ukaja mwaka ambao majokofu yaliharibika siku tatu wakati wa joto, na dawa ikatumika mara mbili ya kawaida. Shemeji akarudi nyumbani na kitu ambacho sabuni haikukiweza. Tangu hapo pua ya Dada iligoma. Akimsogelea, anatapika. Hakuwa na kiburi, maskini, alijaribu kweli. Alifunga kitambaa puani, akalala ameelekea ukutani, akaishia kulia na kuomba msamaha.

Mwisho Shemeji mwenyewe alichukua mto akahamia kwenye kochi la sebuleni. Alilala pale miaka miwili. Watoto wao walikuwa shule ya bweni, na wakija likizo waliambiwa baba anaumwa mgongo. Kwa kochi lile, baada ya mwezi mmoja haikuwa uongo tena.

Mimi ni mdogo wake Dada. Nakanda watu kwenye chumba cha nyuma cha saluni moja: kitanda chembamba, pazia, taulo na rafu ya chupa ndogo za mafuta ya kunukia. Siku moja mchana Shemeji alitokeza pale, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, kofia magotini.

"Shemeji," akasema, "nyinyi mna dawa ya harufu?"

"Ya nani? Ya kwako au ya wateja wako?"

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliangalia kofia yake. "Nataka kulala chumbani kwangu," akasema, basi. Nikaona aibu ya mdomo wangu usio na breki.

Nikamfundisha kama ninavyomfundisha yeyote anayeanza. Usinunue chupa saba, anza na moja. Nilimchagulia lavenda, mafuta ya ua la zambarau, kwa sababu ni ya upole na Dada hakuwa na neno nayo. Nikamwambia haya mafuta ni makali, hayanywewi, hayapakwi matupu. Matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ngoja mpaka kesho uone kama ngozi itawasha. Kwa chumba, matone manne kwenye bakuli la maji ya moto, nusu saa, kisha fungua dirisha. Alirudia maneno yangu yote akihesabu kwa vidole, mtu mzima wa miaka arobaini na saba.

Na bado, siku ya kwanza alimimina karibu robo ya chupa. Dada alinipigia simu akikohoa. "Umempa nini huyu? Nyumba nzima inanuka duka la sabuni, kichwa kinanipasuka!" Nikamfokea Shemeji, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo atahesabu matone, na kweli alihesabu. Akirudi kazini anaoga nje, anasugua mikono mpaka kwenye viwiko, anapaka yale mafuta ya nazi yenye lavenda, anaweka bakuli chumbani, kisha anarudi zake kwenye kochi. Hakuomba kitu. Wiki ya tatu Dada alisimama mlangoni akamwambia, "Baba Watoto, rudi ndani, mgongo wako utavunjikia kwenye hilo kochi."

Sikusimuliwa na yeye, nilisimuliwa na Dada. Shemeji alipokuja kuchukua chupa ya pili nilimuuliza, "Siku hizi unalala wapi?" Mwanaume aliyeshika maiti elfu kadhaa akafunika uso kwa kofia. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile, na nilijiona mimi ndiye niliyeitengeneza.

Chupa ya tatu aliitaka kubwa zaidi. Nikamwambia chumba kile hakijawa uwanja wa mpira. Ndipo akanieleza. Kuna mama mmoja alikuja kumuaga mumewe, akafika hatua mbili kutoka kwenye meza, dawa ikamchoma, akarudi nyuma na kutoka. Hakuweza kurudi. Alimuaga mumewe kupitia kioo cha mlango. Shemeji aliumia. Tangu siku hiyo akaanza kuweka pamba yenye matone machache kando ya shingo ya marehemu kabla ya ndugu kuingia. Sasa walikuwa wanasogea. Wanashika mikono, wanainama, wanasema walichotaka kusema.

"Una roho nzuri, Shemeji," nikamwambia, na nikampa chupa kubwa. Nilimsifu kwa mdomo wangu huu.

Haikupita miezi mitatu, mteja wangu mmoja akalala kitandani, nikafungua lavenda. Akakurupuka na kuketi, taulo kifuani. "Hiyo usinipake." Nikamuuliza kama inamdhuru. Akatikisa kichwa. Alikuwa amemzika dada yake mwezi uliotangulia, kutoka hospitali ile ile ya Shemeji. "Alinukia hivyo hivyo," akasema. "Tafadhali ifunge."

Nikaifunga. Wanasema macho hayana pazia. Na pua je? Nilielewa pale pale kwamba Shemeji, kwa wema wake, alikuwa anaufundisha mji mzima kuwa lavenda ni harufu ya kifo, na jioni alikuwa anarudi nayo nyumbani, kwenye mto wa dada yangu. Nilipaswa kumwambia siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Dada alikuwa ameanza kuimba tena akifua, na mimi nilijidanganya kwamba kwetu hakuna mgonjwa, kana kwamba kifo kingetupita.

Mama alianguka Jumanne akianika nguo. Kiharusi. Alhamisi alfajiri akafa hospitalini, na hapakuwa na pengine pa kumpeleka ila kwa Shemeji. Mama mkwe ni mama mkwe hata amelala pale, hivyo Shemeji alimwachia kazi mhudumu mwenzake wa kike, yeye akakaa nje ya pazia akipokea ndoo na kupitisha taulo. Mama alipokwisha kuvishwa na kufunikwa, Shemeji akaingia kumalizia.

Tulifika saa nne. Nilimshika Dada kiuno, maana nilijua historia yake na mlango ule. Baba alipokufa, miaka minane nyuma, Dada aliishia kizingitini. Dawa ilimrudisha, akakimbilia uani kutapika, na wakati anajikaza kurudi jeneza lilikuwa limeshafungwa. Hakumuaga Baba. Hilo alililia miaka, katikati ya kupika, katikati ya kicheko, linamjia tu.

Safari hii alivuka kizingiti. Akapiga hatua, akapiga nyingine. Mimi ndiye niliyesimama, kwa sababu lavenda ilinifikia. Nilitaka kumvuta mkono nimtoe. Lakini alikuwa ameshamwinamia Mama, amemshika mashavu, anambusu paji la uso, anamnong'oneza, na akivuta pumzi anavuta kwa kifua chote. Alikaa pale dakika nyingi. Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma, anamwangalia mkewe. Mimi nikanyamaza kwa mara ya pili.

Tulizika kesho yake. Tuliporudi nyumbani kwao, ndugu wamejaa uani, Dada akasema anaingia chumbani kubadili nguo. Akafungua mlango. Hakuingia.

"Mama yumo humu," akasema.

Shangazi mmoja alidhani ni majonzi, akaanza kumpa pole. Dada alikuwa ameganda, amekamata fremu ya mlango. Pazia, godoro, shuka, mto, vyote vilikuwa vimekunywa lavenda mwaka mzima. Kisha akaanza kuporomoka na Shemeji akawahi kumdaka. Mikono yake ikapita karibu na uso wa Dada, na Dada akapiga kelele ambayo sitaisahau: "Usinishike! Usinishike na mikono hiyo!"

Mbele ya ndugu wote. Shemeji akamwachia polepole mpaka akakaa sakafuni, akarudi nyuma, akaiweka mikono mfukoni.

Walijaribu, msidhani hawakujaribu. Shemeji alifua mapazia mara tano. Alichoma godoro. Alisugua kuta kwa magadi na sabuni mpaka rangi ikabanduka. Mafuta yaliyobaki aliyamwaga kwenye mtaro, na wiki nzima uani kukawa hakupitiki. Aliacha kujipaka, na bila lavenda, ile dawa ya zamani ikarudi ngozini mwake. Zamani Dada alikuwa na harufu moja ya kumkimbiza. Sasa zilikuwa mbili. Mwezi wa pili akafungasha nguo akaja kukaa na mimi kwenye nyumba ya Mama. "Kwa muda," alisema. Muda gani, hakusema, na Shemeji hakuuliza. Alimbebea begi mpaka barabarani, akaliweka chini, akasogea pembeni ili mkewe aliokote mwenyewe.

Hatia ilinila. Nililala nayo, nikaamka nayo, mpaka juzi Shemeji alipopita saluni kuniuliza hali ya Dada. Akakaa kwenye stuli ile ile. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

"Shemeji, nilijua," nikamwambia. "Mteja alinikatalia lavenda miezi kabla ya Mama kufa. Nilijua itatokea, na sikukwambia."

Akageuza kofia mikononi. "Hata mimi nilijua."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Kuna mzee alikaa karibu na mimi kwenye benchi," akasema. "Nilikuwa nimemhudumia mwanawe. Akanusa mikono yangu, akaanza kulia. Siku hiyo nikaacha kuipeleka kazini. Ikawa ya nyumbani tu."

"Lakini kwa Mama—"

"Kwa Mama nilirudi nyumbani kuichukua."

Nikamwangalia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenieleza alikoweka funguo.

"Nyinyi mlikuwa njiani, saluni imefungwa, mafuta mengine sikuwa nayo," akasema. "Bila kitu, asingevuka mlango. Angemkosa mama yake kama alivyomkosa baba yake, na ningemsikia akilia hivyo mpaka uzeeni. Nilisimama chumbani na ile chupa, Shemeji. Nilijua nikiitoa, chumba nimekipoteza. Ama amuage mama yake, ama alale na mimi."

Machozi yalinitoka, nilikuwa na hasira naye na huruma naye kwa pamoja. Nikamwambia naenda kumweleza Dada leo hii, arudi nyumbani, hata kwa kuziba pua.

"Usimwambie," akasema, na hapo tu ndipo sauti ilimkatika. "Siku ile ina kitu kimoja kizuri, lile busu. Akijua limegharimu nini, litakuwa mzigo. Muachie." Akavaa kofia akatoka.

Jioni nilimkuta Dada kwenye kitanda cha Mama, anakunja nguo. Aliniuliza bila kuinua macho kama Shemeji alipita. Nikasema alipita, anakusalimia. Akakunja shati la kwanza, akakunja la pili, akalikunjua, akalikunja upya.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Mama nilimbusu. Nilimuaga vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yule mwanaume, miaka yote hiyo kwenye kazi ile! Mafuta ya chumbani kwetu, ya kwenye mto wangu, anakwenda kumwekea Mama! Hakufikiri? Hakufikiri hata kidogo?"

Aliniangalia, anangoja jibu.

"Ndiyo, Dada," nikasema. "Hakufikiri."